Shule yetu ya muziki ilipoingia chuoni, jina halikuwa tatizo

Shule ndogo ya muziki ikitaka kuungana na chuo kikubwa, watu wataanza kubishania jina. Sisi hapa Mwanza tulibishania jina vikao na vikao, wengine wanataka jina la zamani litangulie, wengine lifuate, mmoja akaleta wazo liandikwe kwa herufi ndogo chini ya nembo, na muda wote huo mzee mwanzilishi mwenyewe kakaa pembeni anakoroga chai yake wala hasemi kitu, kumbe jina ndo kitu pekee ambacho chuo hakikuwa na shida nacho, wangetuachia hata majina mawili. Vilivyokuja kutuuma ni vitu ambavyo hakuna aliyeviweka kwenye ajenda: saa za kufundisha, nani anaruhusiwa kupita getini, na hela inapokelewaje.

Nimeamua kuandika kwa sababu nimeanza kupigiwa simu na watu wenye vituo vidogo, wa ngoma, wa kwaya, kuna dada mmoja wa Bukoba ana kadarasa kake ka gitaa, wote wamefuatwa na vyuo na wote swali la kwanza ni lile lile, "Madam, nyie jina mlifanyaje?" Jamani, jina achaneni nalo kwanza.

Shule yetu ilikuwa nyumba ya kupanga Kirumba, vyumba vitatu na uwanja wa nyuma, upepo ukivuma toka ziwani harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni inaingia mpaka darasani, wageni wanaziba pua sisi wala hatusikii. Mimi nilikuwa nafundisha kinanda na nadharia halafu ndo mtunza daftari, maana shule ndogo haina idara, mwenye mwandiko mzuri ndo mhasibu, ndo mapokezi, ndo mpika chai. Kijana mmoja alishika gitaa, dada mmoja aliyetokea kwaya alishika sauti, na mzee alishika ngoma, zeze na kila kitu kingine kisicho na waya wa umeme. Sauti kwa kweli haikuwa kazi, mtu aliyekulia mji wenye kwaya kama AIC Makongoro Vijana anakuja anaingia sauti ya tatu bila kuelekezwa, shughuli ni kumtoa kwenye solfa, ile ya doh re mi, umpeleke kwenye noti za mistari mitano. Solfa wanaisoma vizuri sana, mwandikie Doh ni G anaondoka nayo, ila mwonyeshe hiyo hiyo G imekaa mstari wa pili na ufunguo mbele yake anakuangalia kama umemtukana.

Kwa nini tukaungana? Pango na cheti. Mwenye nyumba alitaka kuvunja ajenge fremu za maduka, hatuwezi kumlaumu, Kirumba ile ya barabarani fremu inalipa kuliko wanafunzi wa zeze. Halafu mtaala mpya ulipoanza 2024 na mkondo wa amali, ule wa kusomea ujuzi wa kazi, ukaingia sekondari, wazazi wakaanza kuuliza swali ambalo zamani hawakuwa nalo, mtoto akimaliza hapa anapata cheti gani? Cheti chetu kilikuwa karatasi nzuri tu tumeprinti stesheneri, ina muhuri, ina saini ya mzee, lakini ukiipeleka sehemu ya maana wanauliza NACTVET, lile baraza linalosajili vyuo vya ufundi, wanawajua? Hawatujui. Na kujisajili wenyewe kuwa chuo, ukianza kuhesabu majengo, vifaa, walimu wenye vyeti vinavyotakiwa, unafunga daftari unaenda kulala. Kwa hiyo chuo kilipokuja kikasema ingieni kwetu muwe idara ya muziki, usajili tunao, vyumba tunavyo, jenereta tunayo, hatukuwa watu wa kuringa.

Kabla ya kusaini nilijifungia na simu yangu nikasoma wenzetu wa nje walifanyaje. Kuna shule inaitwa Longy, iko Cambridge, Massachusetts kule Marekani, ilianzishwa 1915 na mpiga obo, chombo cha kupuliza, anaitwa Georges Longy. Wakaungana na Bard College mwaka 2012, na 2013 wakafunga kitengo cha watoto na watu wazima wa mtaani, nguvu zote zikaenda kwa wanafunzi wa shahada. Boston Conservatory nao wakaungana na Berklee 2016, jina lao lipo, wanaitwa Boston Conservatory at Berklee, kila mtu anawajua. Alafu kuna Peabody ya Baltimore, hawa waliingia chini ya Johns Hopkins tangu 1977 na kitengo chao cha watoto, kile kilichoanza 1894, mpaka leo kinapiga kazi. Ukiziweka hizo tatu pamoja unaona jina linaokoka kirahisi, na kwamba watoto na watu wa mtaani wanaweza wakabaki au wakakatwa, inategemea nani anawapigania na wameandikwa wapi. Nikaipeleka kwenye kikao, nikaisoma yote, mwenyekiti wa upande wa chuo akatabasamu akasema, "Madam, hao ni Wamarekani." Tukarudi kwenye jina.

Basi tukasaini, tukapiga picha, tukahama na vifurushi vyetu.

Jumamosi ya kwanza ndo nikaelewa. Jumamosi ni siku ya watoto, na watoto ndo walikuwa wanalipa pango la shule toka zamani, hilo mtu wa nje halijui. Nimefika getini nakuta foleni, mbele kuna bibi katoka Igoma na mjukuu wake wa miaka tisa, kibodi wameifunga kitenge, wamepanda daladala mbili na hiyo kibodi, na mlinzi kasimama katikati.

"Bibi shikamoo. Kitambulisho."

"Marahaba mwanangu. Huyu ni mtoto, kitambulisho cha nini?"

"Utaratibu bibi, asiye na kitambulisho cha chuo hapiti."

"Basi niandike mimi."

"Wewe bibi uko kozi gani?"

Bibi wala hakupepesa. "Kinanda."

Na mlinzi akaandika! Kwenye daftari la wageni mpaka leo ipo, jina la bibi, kozi kinanda. Tulicheka sana siku ile lakini nyuma ya yule bibi kulikuwa na wazazi wengine ambao hawakuwa na moyo huo, wakageuza, na wengine sijawaona tena mpaka leo. Mlinzi simlaumu, kaambiwa alichoambiwa. Niliporudi ofisini kuuliza nikaambiwa watoto hawamo kwenye orodha ya wanafunzi, hawana namba ya usajili, hawana ada inayotambulika, kwa hiyo kwa mfumo wa chuo hao watoto hawapo. Walikuwepo kwenye mazungumzo yote, mkuu wa chuo alikuja mpaka Kirumba akawapigia makofi wakiimba, ila kwenye mkataba hakuna mahali pameandikwa neno watoto. Ikachukua muda mrefu sana kupata vile vipasi vya karatasi vyenye picha, na kila siku iliyopita tulikuwa tunapoteza familia.

Kitu kingine cha watoto ni kidogo ila kilinifurahisha. Kibodi zetu zote zilikuwa za vitufe 61, chuoni wana piano ya vitufe 88. Unamkalisha mtoto aliyekuwa anapiga vizuri tu, anaanza anapiga mbali kabisa huko kwenye besi, anashtuka. Kumbe walikuwa wanaitafuta C ya kati, ile noti ya kuanzia, kwa kuangalia maandishi ya jina la kampuni yaliyo juu ya vitufe, wanahesabu kutoka kwenye herufi fulani, na kwenye piano maandishi yamekaa tofauti. Miaka yote nawafundisha sikuwahi kuwaza kwamba wanasoma nembo badala ya vitufe. Tukaanza upya na vile vitufe vyeusi, viwili viwili vitatu vitatu, wiki chache wakakaa sawa.

Sasa wavuvi. Hapa nitakaa kidogo.

Tulikuwa na kundi la vijana wanaovua dagaa, wengine wa pale pale Kirumba wengine wa Igombe. Kwa asiyejua, dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai saivi wengi wana taa za betri na sola, unatega mwanga juu ya maji dagaa wanakusanyika chini yake ndo unazungusha nyavu. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako, kwa hiyo kipindi cha mbalamwezi mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu, wanaenda kusalimia kwao, wengine wanakunywa hela yote. Mzee wetu aliliona hilo mapema sana, kabla mimi sijajiunga. Akapanga darasa la wavuvi kwa kufuata mwezi. Mbalamwezi ikiingia wanakuja kila siku mchana mpaka jioni, mfululizo, gitaa, ngoma, sauti, mpaka vidole vinavimba. Giza likirudi hakuna darasa, wako ziwani, hakuna wa kumuuliza mwenzie ulikuwa wapi. Kwenye daftari langu la mahudhurio kulikuwa na safu ya tarehe na pembeni nachora kaduara, keusi au keupe, basi, nikiona keusi sijazi majina.

Na walikuwa wanaelewa haraka balaa. Mtu anayekuja mara mbili kwa wiki nusu ya kipindi inaishia kukumbushana cha juzi, hawa wanakaa na kitu kimoja siku nyingi mfululizo, alafu wanaenda nacho mtumbwini wanakiimba usiku kucha wakisubiri dagaa. Kuna mmoja, kijana mkimya, mikono imekakamaa kwa kamba, alikaa na kordi ya F ile ya kubana nyuzi zote sita na kidole kimoja mpaka giza likaingia hajaipata, nyuzi mbili zinakufa kila akipiga. Akaenda ziwani. Aliporudi mbalamwezi iliyofuata akashika gitaa akaibana ikalia nyuzi zote. Nikamuuliza umefanyaje na gitaa tumebaki nalo huku? Akasema alikuwa anabana kwenye mti wa kasia.

Chuoni kuna semista na ratiba iliyobandikwa, Jumanne saa nane, Alhamisi saa nane, na kuna mahudhurio yanaingizwa kwenye kompyuta, yakishuka chini ya kiwango hufanyi mtihani. Giza la kwanza lilipoingia wale vijana wakaondoka kama kawaida yao, mimi nikatulia kama kawaida yangu, baada ya muda nafungua ule mfumo nakuta majina yote mekundu. Na barua zimeshachapwa za kuwaita wajieleze.

Nikapanda mpaka ofisi ya taaluma.

"Shikamoo mkuu. Hawa vijana hawajatoroka, wako ziwani."

"Marahaba Madam. Mfumo unaonyesha hawapo."

"Ni kweli hawapo, watarudi."

"Watarudi lini?"

"Mbalamwezi ikianza."

Akaweka kalamu chini. Nikajua sasa nafukuzwa. Akaniuliza, "Wanavua dagaa?" Nikasema ndio mkuu. Akacheka akasema mbona hamkusema, yeye kakulia Ukerewe, mjomba wake kamsomesha kwa dagaa, nyumbani kwao mpaka harusi zilipangwa kipindi cha mwezi ili waalikwa wawepo. Yaani mtu mwenye uwezo wa kulimaliza hili alikuwa ndani ya jengo muda wote na analijua kuliko mimi, shida ni kwamba yeye analetewa orodha ya majina na asilimia, haletewi habari za ziwa. Toka siku ile nikaacha kuwaza kwamba chuo kina nia mbaya na sisi. Chuo kinakula karatasi. Ukikipa karatasi kinafanyia kazi, usipokipa kinajaza chenyewe.

Tulivyolimaliza ni hivi, na mwenye kundi kama hilo achukue hii. Wale wavuvi wakatolewa kwenye kozi ya semista wakaingizwa kozi fupi, na kozi fupi ikaandikwa kwa jumla ya masaa, sio kwa wiki. Masaa yakitimia umemaliza, hata ukiyakusanya vipi. Na ilikuwa lazima tuwatoe huko kwa sababu nyingine pia, kuingia kozi ya cheti ile ya NTA ngazi ya 4, ngazi ya kuanzia chuoni, lazima uwe umefaulu masomo manne kidato cha nne, ya dini hayahesabiwi, na vijana wetu wengi waliishia darasa la saba wakaenda ziwani. Kwa hao kuna mlango wa VETA pia, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu kaupata nje ya mfumo rasmi, ni wa kuulizia mapema kama ufundi wako unapimwa kituo cha karibu na wewe, uliza kabla hujasaini na mtu sio baada.

Hela. Sisi tulikuwa tunapokea elfu tano leo, elfu kumi ikipatikana, kuna mama alileta ndoo ya dagaa akasema hiyo ni ya mwezi huu na ujao, tukaipima tukaipokea tukagawana walimu. Chuo kina namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, kiasi kamili, risiti inatoka. Kwa upande wa mahesabu ni safi, siwezi kusema uongo, mimi niliyekuwa nalala na hela za shule chini ya godoro nilipumua. Ila ada ya semista kwa mkupuo mmoja kwa mtu anayepata hela kwa giza na kukauka kwa mbalamwezi, tena darasa lake liko wakati hana hela! Tukaomba awamu, tukapewa awamu. Ya watoto ndo ilipanda na bado iko juu, nitairudia.

Ya mzee sasa. Kwenye kuhamisha wafanyakazi kila mtu anawekwa kwenye muundo, una shahada unakaa hapa, una stashahada unakaa hapa. Mzee hana cheti chochote, cheti chake ni kwamba ukienda Kisesa kipindi cha Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, yale makundi mawili ya Wagika na Wagalu wakishindana kucheza, utakuta wapigaji waliopita mikononi mwake pande zote mbili. Muundo hauna kisanduku cha hicho. Wakatafuta wakatafuta, barua ikatoka, kaajiriwa kama mtunza vifaa. Nilipoisoma niliona aibu kumpelekea. Akavaa miwani, akaisoma taratibu mpaka chini, akasema, "Wameniandika pamoja na viti." Alafu akauliza, "Funguo za stoo atakuwa nazo nani?" Nikamwambia ni wewe mzee, ndo kazi yenyewe. Akaikunja barua akaiweka mfukoni.

Mimi nilikuwa tayari kuandika barua ya kupinga, kijana wa gitaa anataka tugome, mzee akatuambia tutulie. Baada ya muda nikaelewa hesabu yake. Chuoni hakuna anayegusa chombo bila kupita stoo. Mwanafunzi wa stashahada anakuja kuchukua ngoma ya mazoezi na fomu imesainiwa vizuri, mzee anaipokea fomu, anaiangalia, anamwambia haya kaa hapo nipigie kidogo nione kama utaiweza. Anapiga. Mzee anamrekebisha mkono. Anapiga tena. Foleni inakuwa ndefu, hakuna anayelalamika, wengine wanakuja bila fomu kabisa. Wahadhiri wameshajua, wawili wameanza kuwaleta wanafunzi wao pale stoo kwa makusudi na kwenye ratiba wameandika "vitendo". Mshahara bado ni wa mtunza vifaa na hiyo naipinga mpaka kesho, ila saivi analipwa na posho ya vipindi juu yake, hiyo tuliipata kwa kuhesabu masaa tukawapelekea. Karatasi tena.

Tulikwaruzana pia kwenye moto. Ngoma zetu ni za ngozi ya ng'ombe, msimu wa mvua ngozi inavuta unyevu inalegea, sauti inakuwa ya kukohoa, lazima uioteshe moto kabla ya kupiga, unaizungusha zungusha huku unagonga unasikiliza mpaka ikaze. Jua likiwepo unaianika tu. Chuoni kuwasha moto ni marufuku popote isipokuwa jikoni, na afisa wa vifaa kwenye kuhakiki mali alikuwa amebandika namba za stika kwenye ngozi, juu kabisa pale panapopigwa! Jua la siku moja stika zote chini, ukaguzi ukaandika ngoma hazina namba. Namba tukahamishia kwenye mbao na rangi. Moto mpaka leo tunaenda nao nyuma ya jiko la kantini kwa hisani ya mama mpishi, mvua ikinyesha tunabanana pale na ngoma na masufuria ya wali.

Nisije nikaonekana nalalamika tu. Umeme ukikatika jenereta inawaka na kipindi kinaendelea, Kirumba tulikuwa tunaimba gizani. Kuna kachumba ka kurekodia ambako sisi tungekaota tu. Vijana wetu waliokuwa na kidato cha nne wameingia NTA 4, wengine wanaelekea stashahada, na cheti chao hakuna wa kukiuliza mara mbili. Dada wa sauti kalipiwa asome, anamalizia. Na michango ya NSSF inaingia kila mwezi, kitu ambacho kwenye shule yetu kilikuwa, tuseme, kinazungumzwa. Ukiniuliza tungebaki Kirumba? Pale saivi pana fremu nne, moja wanauza vifaa vya simu, kwa hiyo swali lenyewe halina mahali pa kukaa.

Ninachowaambia hao wanaonipigia ni kwamba kabla ya kikao cha pili, kaeni wenyewe muandike siku yenu moja ya kawaida kuanzia anayefungua mlango mpaka anayefunga. Nani anakuja, saa ngapi, kwa nini saa hiyo, analipaje, analeta nani, anakaa wapi akisubiri. Mtaona aibu kuandika vitu vya kijinga, bibi anasubiri chini ya mwembe, ngoma zinaanikwa uwani, wavuvi hawaji giza. Andikeni. Alafu hiyo ndo iwe kiambatisho cha mkataba, isainiwe kila ukurasa. Mwanasheria wa chuo atasema haya ni mambo ya uendeshaji tutayamaliza tukishaanza, mwambieni kwa heshima kwamba mnapenda yamalizike leo. Kuna nyimbo pia, kama walimu wenu wametunga vitu kabla ya kuungana andikeni ni vyao, mkavisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina yao, sisi hili tulilikumbuka dakika za mwisho kwa sababu kijana wa gitaa ni mbishi, na nashukuru ni mbishi. Na muwe na kipengele cha kupitia mkataba upya baada ya muda, msikubali "milele" mahali popote.

Na mtu wa kwenda naye kwenye mazungumzo asiwe mwanzilishi peke yake. Mwanzilishi anatazama heshima, na ana haki hiyo, mwenyekiti wa bodi anatazama jina, mwenye daftari ndo anajua shule inaishije. Mkiwa na mpika chai anayejua kila mzazi kwa jina mchukueni na yeye.

Mkataba wa kwetu unapitiwa tena mwaka huu, mwezi wa saba. Ajenda nimeshaandika na nimeipeleka mapema ikiwa imechapwa, na muhuri wa mapokezi ninao. Ya kwanza ada ya watoto irudi chini au igawanywe kwa mwezi, nimeambatanisha orodha ya familia zilizoacha na ada ambayo zingekuwa zimelipa mpaka saivi, mhasibu wa chuo kaiona akaniomba nakala, naona imemgusa. Ya pili kibanda cha kuoteshea ngoma, bati nne na matofali tu, mama mpishi kasema atasimama kutoa ushahidi. Ya tatu muundo wa mzee. Jina mmoja wa wajumbe anataka liwekwe namba nne, nimemwachia.